Wiki Nane za Viza ya Wiston

Kwa karibu miaka mitatu wembe haukugusa kichwa cha Gozbert. Nywele zilimshuka hadi kwenye ukosi wa shati, nyeupe na ngumu kama katani, na watoto wa Kanazi waliokuwa wakipita kwenda shule walizoea kumkuta ameinamia gogo, tezo mkononi, nywele zimejaa vumbi la mti. Wageni walidhani ni mzee aliyeokoka katika dhehebu fulani jipya. Wenyeji walijua. Mke wake Felisita alizikwa Novemba ya mwaka 2022, na matanga yake hayajaisha.

Hayajaisha kwa sababu moja tu. Katika ukoo wa Gozbert mama akifa, mtoto wake wa kwanza ndiye anayeyamaliza. Anashika jembe la marehemu, anaingia katika shamba lake la maharage na kukata bonge la kwanza la udongo, kisha mtu wa ukoo anamshikia maji anawe. Baada ya hapo ndipo mjane ananyolewa, majivu ya jikoni yanazolewa, watu wanaoga na kurudi kwenye kazi zao. Kabla ya hapo shamba la mama haliguswi. Zamani jambo hili lilichukua siku nne, maana watoto walikuwa mahali ambapo mtu akipiga yowe wanasikia. Hata waliokuwa mbali walikuja. Baba yake Gozbert alikuwa kibarua kwenye mashamba ya Uganda alipopata habari ya kifo cha mama yake. Alitembea siku sita, akafika na miguu iliyovimba, akapewa jembe akiwa bado hajakaa chini. Hakuna aliyemsifu, wala yeye hakutaka sifa. Ndivyo mtu alivyokuwa.

Mtoto wa kwanza wa Felisita ni Wiston, na Wiston yuko Uingereza.

Alikuwa muuguzi mwenye stashahada, akifanya kazi Biharamulo, alipopata nafasi ya kwenda kusoma huko mwaka 2021. Mama yake alipofariki alikuwa ndiyo kwanza amemaliza masomo, na alipiga simu akilia mpaka maneno hayasikiki. Alieleza kwamba viza yake ya mwanafunzi inakwisha, kwamba hospitali moja imekubali kumwajiri, na kwamba amepeleka maombi ya kubadilisha viza ya masomo iwe ya kazi. Maombi yakiwa mezani, mwombaji hatakiwi kutoka nje ya nchi ile. Akitoka, maombi yanahesabiwa kuwa yameondolewa, na kila kitu kinaanza upya.

"Ni wiki nane tu, baba," alisema. "Mnisubiri."

Gozbert akasimama mbele ya waombolezaji uwanjani na kuwaambia warudi makwao, shamba litafunguliwa Wiston akija. Ndizeye, mdogo wake Gozbert, mtu mwenye ulimi, aliuliza viza ni mtu gani hata matanga yamsubiri. Wachache walicheka kwa chini. Gozbert hakucheka. Alimtetea mwanawe mbele ya ukoo mzima, akasema dunia imebadilika na sheria za watu lazima ziheshimiwe. Alisema maneno hayo kwa kujiamini sana, na baadaye ndiyo yaliyomuuma kuliko mengine yote.

Wiki nane zilikwisha. Wiston akasema viza bado inasumbua. Ikafika masika, ikapita, mwaka ukageuka. Kila Jumapili ya pili alipiga simu, dakika mbili au tatu, na kila Gozbert alipogusia shamba, jibu lilikuwa viza. Viza hairuhusu, viza ina masharti, baba huwezi kuelewa mambo ya viza. Na kweli Gozbert hakuelewa. Alisoma darasa la saba la zamani, lile la kujua kuandika barua ikasomeka, lakini viza hakuwahi kuiona kwa macho. Aliifikiria kama lango lenye askari, na mwanawe amesimama upande wa ndani akiomba apite.

Shamba la Felisita likawa pori. Lilikuwa chini ya migomba, robo eka ya udongo mweusi ambao mama yule aliulisha samadi na majivu kwa miaka arobaini. Sasa magugu yalimfikia mtu kiunoni na nyoka walionekana humo. Marsiana, binti aliyebaki nyumbani na watoto wake wawili baada ya ndoa kuvunjika, alilima kibarua kwenye mashamba ya watu ili wapate maharage, na hali shamba la mama yake liko hatua ishirini kutoka jikoni. Aliomba mara moja tu. Baba yake alimjibu kwamba jembe lile si lake, naye Marsiana hakurudia tena.

Gozbert mwenyewe aliendelea na kazi yake ya kuchonga mitumbwi. Si mitumbwi ya majini. Ni ile ya kukamulia ndizi mbivu za pombe ya rubisi, gogo zima linalochimbwa ndani kwa shoka na tezo mpaka wanaume wawili waweze kusimama humo na kukanyaga ndizi kwa majani. Wateja walikuwa wamepungua kabisa. Watu wanakamulia kwenye mapipa ya plastiki, rubisi inanuka plastiki, na hakuna anayelalamika kwa sababu walioijua ladha yake wameshakwenda. Bado alichonga, labda mmoja kwa miezi mitatu, ili mikono isisahau.

Ni tezo hilo lililomkutanisha na Rozina. Mwezi wa saba mwaka huu liliteleza likamchana muundi wa mguu, na Marsiana akamburuta hadi zahanati. Muuguzi aliyemfunga kidonda alikuwa msichana mrefu, mcheshi, mwenye r na l zilizobadilishana nafasi kila alipochangamka. Jina lake Rozina, binti ya Malongo, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Kaniha kule Biharamulo zamani akitokea Shinyanga. Alikuwa na mwaka mmoja tu katika kituo kile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mguu utapona. Ila hizi nywele sina dawa yake." Alisema huku akikata bandeji. "Au ndiyo mganga mwenyewe nimempata leo, nimuulize lini nitaolewa?"

Gozbert alitaka kukasirika akashindwa. Akamweleza habari za matanga. Rozina aliacha utani, akamsikiliza mpaka mwisho, akampa pole ya mtu mwenye wazazi. Halafu, siku ya tatu alipokuja kubadilishiwa bandeji, ndipo alipomweleza shida yake mwenyewe. Alikuwa na stashahada na alitaka shahada. Hakutaka kuacha kazi, maana wadogo zake walimtegemea. Alisikia kuna njia za kwenda nje ukafanya kazi na kusoma kwa wakati mmoja, lakini kila mtu aliyemuuliza alimwambia lake, na mawakala wa mjini walitaka pesa kwanza na maelezo baadaye. Kama mtoto wa baba yuko huko na alipita njia hiyo hiyo, je, angeweza kumsaidia hata kwa neno?

Gozbert alijisikia mtu. Kwa muda mrefu jina la Wiston lilikuwa likimletea aibu tu, na leo kuna msomi anayeliomba kama anavyoomba mlango. Alitoa simu yake ya kitochi, akamsomea namba tarakimu kwa tarakimu, na kumwambia asiwe na wasiwasi, kijana wake ana moyo mzuri.

Wiki moja baadaye Rozina alifika nyumbani saa za jioni akitokea kazini, na sukari kilo moja kwenye mfuko, mkono wa shukrani. Wiston alikuwa amemjibu. Hakuandika, alituma ujumbe wa sauti. Jumbe saba ndefu, zote pamoja zinafika karibu nusu saa. Rozina alisema hajawahi kuona mtu asiyemjua anajitolea namna ile. Gozbert, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa mtumbwi ambao haujaisha, aliuliza kama sauti hizo zinaweza kusikilizwa tena. Alitaka tu kuisikia sauti ya mwanawe ikiongea kwa urefu. Rozina akaweka simu yake katikati yao na kuibonyeza.

Sauti ya Wiston ilijaa pale uwanjani kana kwamba yuko jikoni. Alikuwa anacheka. Alisema anahisi namba yake imetolewa na wenzake wa zamani wa Biharamulo, awasalimie wote. Rozina, ambaye alikuwa amejitambulisha kwa kifupi kuwa muuguzi, mtoto wa Kaniha, hakuona haja ya kumsahihisha kwa jambo dogo kama hilo.

Kisha alianza kueleza, na alieleza vizuri, kwa utaratibu wa mwalimu. Njia ya kwanza ni viza ya mwanafunzi. Chuo kinakudhamini, na kusoma ndiko kunakuwa kazi yako kubwa. Kazi ya mshahara unaruhusiwa saa ishirini kwa wiki wakati wa muhula, usizidishe hata moja, maana wanahesabu na watu wamerudishwa kwa ajili ya saa tatu. Ukisoma kozi za kawaida huwezi siku hizi kuchukua mume wala watoto. Na ukishaingia kama mwanafunzi, usidhani utahamia kwenye kazi katikati ya masomo; mpaka umalize kwanza. Njia ya pili ni viza ya kazi ya wahudumu wa afya. Hapo mwajiri ndiye mdhamini, lazima kwanza upite mitihani ya lugha na ya baraza la wauguzi wa huko, lakini ukishaingia unaweza kusoma unachotaka nje ya saa za kazi, hakuna anayekuzuia. Ubaya wake ni kwamba umefungwa kwa mwajiri. Ukiacha kazi au akikuacha, una siku sitini za kupata mwingine, la sivyo ufunge virago.

"Mimi nilianza na ya masomo nikaishia na ya kazi," alisema, "lakini ningeshauriwa mapema ningeanza na ya kazi. Sasa hivi nasoma tena, mwajiri ananiachia siku moja kwa wiki. Dada, kazi kwanza, shule itakukuta kazini."

Rozina alitikisa kichwa akifurahi, akawa anamtazama mzee kama anayesema, unaona? Na Gozbert alikuwa anaona. Aliona kwamba mwanawe, ambaye kwa baba yake hana zaidi ya dakika tatu, ana nusu saa kwa mtu asiyemfahamu. Lakini hilo alilimeza. Vijana huongea na vijana. Ujumbe wa tano ukaanza.

"Na usiogopeshwe na habari kwamba ukienda huwezi kurudi nyumbani," alisema Wiston. "Hayo ni maneno ya watu. Kuna wakati mmoja tu huwezi kutoka, nao ni maombi yako ya kubadilisha yakiwa hayajajibiwa, wiki nane hivi. Ukishapata viza, likizo yako ni yako. Mimi tangu nipate nimeshakwenda Ureno, na Tanzania nimeshakuja mara mbili. Juzi tu Agosti mwaka jana nilikaa wiki mbili nzima, nikasimamia jengo langu pale Lusahunga, nikafungua gesti, nikarudi. Pale uwanja wa ndege wanaangalia pasi, wanakurudishia, wanakwambia karibu tena."

Rozina alikuwa wa kwanza kuelewa. Mkono wake ulikwenda kwenye simu. Gozbert aliukamata mkono ule kabla haujafika, bila nguvu.

"Acha iseme," alisema.

Ikasema. Zikasikilizwa zote saba, hata ile ya mwisho iliyohusu namna ya kutafsiri vyeti. Zilipokwisha Rozina alitaka kuomba radhi na hakujua aombe radhi ya nini. Alisema labda kuna jambo ambalo hawalijui. Gozbert alimshukuru kwa sukari. Marsiana, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo wa dagaa, alikuwa amesikia kila kitu; aligeuka akaingia ndani.

Asubuhi ya pili Gozbert alivaa koti lake, akapanda gari kwenda Benaco na kutoka hapo akapata jingine la kwenda Lusahunga. Hakumwambia mtu. Alikuwa amepita Lusahunga miaka mingi nyuma, palipokuwa na vibanda na wauza mahindi. Sasa malori yalikuwa yamejipanga pande zote mbili za barabara, yanayokwenda Rusumo na yanayotoka Rusumo, na kila hatua kumi kuna mtu anauza nyama choma, vocha, au usingizi. Hakuhitaji kuuliza sana. Lilikuwa jengo refu la rangi ya waridi nyuma ya kituo cha mafuta, na juu ya lango, kwa herufi za kijani zenye ukubwa wa mtoto, limeandikwa FELISITA.

Alisimama chini ya jina la mke wake. Dereva mmoja alitoka akijifunga mkanda, mwanamke akimfuata nyuma akicheka, wakampita.

Msimamizi alikuwa Maduhu, kijana mnene mwenye kandambili na funguo nyingi kiunoni. Alimpima mzee kuanzia nywele hadi viatu.

"Shikamoo mzee. Unataka cha saa au cha kulala?"

"Cha saa ni cha namna gani?"

Maduhu alicheka kwa adabu. "Mzee wangu, umri wako unaruhusu kutokujua."

Gozbert aliomba maji ya kunywa. Akapewa kiti pale mapokezi, na alipoinua macho akaona picha ukutani. Aliijua picha ile. Ilipigwa Ngara mjini siku ya jubilei ya ndoa yao, yeye amevaa koti hilihili alilolivaa leo. Katika picha ya ukutani alikuwepo Felisita peke yake, ametabasamu, na pembeni, pale mkasi ulipopita, kulibaki kipande cha bega la mtu.

Aliuliza huyo mama ni nani. Maduhu, ambaye hakuwa na wateja saa ile, alifurahi kusimulia. Ni mama yake bosi, marehemu. Bosi alimpenda mno. Siku ya kufungua jengo alilia mbele ya watu wote, mtu mzima, daktari wa Ulaya, analia kama mtoto. Wakachinja mbuzi wawili. Halafu akasema kwao mama akifa, mtoto ananyoa nywele, na yeye hajawahi kunyoa tangu msiba, zilikuwa zimesukwa vizuri kizungu lakini hajanyoa. Akavuka barabara mpaka saluni ile pale, akanyolewa upara, akarudi, akachukua jembe la mafundi na kulima pale nyuma ya choo, mahali walipopanda maua. Akasema sasa matanga yamekwisha.

"Nani aliyemshikia maji ya kunawa?" Gozbert aliuliza.

"Maji?"

"Akishalima. Nani alimshikia?"

Maduhu alifikiri. "Nadhani mimi. Kulikuwa na bomba." Kisha akauliza, kwa kuchelewa, mzee mwenyewe anatokea wapi na anahusika na nini.

"Mimi ni fundi wa mitumbwi," alisema Gozbert, akarudisha bilauri, akaaga.

Kama mwanawe angekuwa amesahau mila, ingekuwa ni jambo la siku hizi, linalotokea katika kila nyumba, na mzee angejipangusa vumbi akaendelea. Lakini Wiston hakusahau. Alikumbuka yote, wembe, jembe, udongo, na akayapeleka barabarani, akayafanya na watu asiowajua majina, akajifungulia yeye peke yake. Na baba yake akaachwa ndani ya matanga kama mtu aliyefungiwa mlango na wenzake wakaenda na ufunguo.

Jumapili ilipofika simu iliita kama kawaida. Wiston alimwamkia, akauliza mvua, akauliza mguu. Gozbert alijibu yote. Halafu aliuliza habari za viza.

"Bado, baba. Mambo ya viza ni—"

"Hiyo viza inasemaje juu ya Lusahunga?"

Wiston alipojibu, sauti yake haikuwa ile ya nusu saa wala ile ya dakika tatu. Alisema zile wiki nane zilikuwa za kweli. Baba yake akamwambia anajua zilikuwa za kweli, anauliza za baada yake.

"Baba, nilitaka kuja," alisema. "Nilifika Lusahunga ile mara ya kwanza, nikakodi gari kabisa la kuja Kanazi. Nikamwambia dereva ageuze. Nilijua nikilishika lile jembe mbele ya ukoo, nimeshika nyumba. Baba mdogo Ndizeye angesema sasa mkubwa amefika, akae. Nani atalipa ada ya huyu, nani ataamua mpaka wa migomba, nani atakuzika wewe. Mimi siwezi, baba. Nina kazi, nina shule, nina maisha kule."

"Ungeniambia huwezi."

"Ningekwambiaje?"

"Kama ulivyomwambia yule binti habari za viza. Ulimwambia kila kitu, na hakuwa amekuzaa."

Wiston alilia. Alisema atakuja, ana likizo katikati ya Septemba, atakuja kweli, afungue shamba kama inavyotakiwa. Gozbert alimwambia njoo. Hakumwambia zaidi ya hapo.

Siku ya Jumatano aliita ukoo. Walikuja wachache, ukoo wenyewe umebaki wazee na wale ambao hawakupata nauli ya kuondoka. Alilitoa jembe la Felisita darini, mpini umetobolewa na wadudu, na kumkabidhi Marsiana. Ndizeye alisimama pale pale. Alisema jambo hili halijawahi kuonekana, mwanamke, tena wa pili kuzaliwa, tena aliyerudi kutoka kwa mume, na mkubwa yu hai na amesema anakuja. Aliongea kwa muda mrefu na yote aliyosema yalikuwa sahihi. Gozbert alijua yalikuwa sahihi. Yeye ndiye aliyewafundisha watoto wa Ndizeye maneno hayohayo.

"Mkubwa alishamaliza matanga yake," alisema. "Alinyolewa Lusahunga mwaka jana. Mashahidi wapo. Waliobaki kwenye matanga ni sisi."

Marsiana hakulishika jembe kwa furaha. Alimtazama baba yake kwa macho makavu ya mtu aliyekataliwa kitu kwa miaka mitatu na sasa anapewa kwa sababu aliyetakiwa hakukitaka. Alisema hivyo pia, kwa sauti ya chini, wawili hao tu wakasikia: kwamba anapewa makombo ya kaka yake. Gozbert hakukana. Kisha Marsiana aliingia kwenye magugu, akayalaza kwa mguu, akapiga bonge la kwanza. Udongo ulikuwa bado mweusi. Baadaye Rozina, aliyefika kwa pole akiwa na sare ya kazi, ndiye aliyemnyoa mzee kwa wembe wa zahanati, akikusanya nywele kwenye khanga, na safari hii hakufanya utani. Aliuliza tu kama aache kwenda Uingereza. Gozbert akamwambia aende, achukue ile ya kazi, lakini wazazi wake wa Kaniha awaeleze masharti yote kabla hajaondoka, yale ya kutoka na yale ya kurudi.

Mvua za kwanza zilinyesha mapema mwezi wa tisa. Maharage yalikuwa na majani mawili mawili Wiston alipofika, gari likiwa limejaa vumbi la Lusahunga. Alishuka na koti la mvua, mabuti mapya na jembe jipya lenye lebo ya dukani. Alikuwa amenenepa. Alimpigia baba yake magoti kwa heshima zote, na alipoinuka akaona kichwa kilichonyolewa, kisha akaona shamba.

Hakuna aliyempigia kelele. Gozbert alimtolea kiti cha mgongo, kile wanachokalia padre na mwenyekiti wa kijiji. Marsiana akaleta maji ya kunawa kwa beseni na taulo, akayamimina kwa kuinama. Kuku alichinjwa, na Wiston aliwekewa firigisi. Alitandikiwa sebuleni, kwa kuwa chumba chake cha zamani wanalala watoto wa Marsiana. Kila aliposhika kitu, kukata kuni, kuteka maji, kulikuwa na mtu wa kumpokea kwa adabu na kumwomba apumzike, ametoka mbali. Siku ya pili alishuka na jembe lake hadi ukingoni mwa maharage. Marsiana, aliyekuwa akipalilia, alimwomba tafadhali azunguke kwa nje, asije akakanyaga.

Asubuhi ya tatu alisema anaondoka. Mtoto wa nyumbani akisafiri huagwa mlangoni, baba anamshika kichwa, anamnenea maneno, basi. Mgeni ndiye anayesindikizwa. Gozbert alivaa koti lake, akachukua mkoba wa Wiston mkononi, ingawa Wiston alijaribu mara mbili kuung'ang'ania, na kumtangulia kwenye njia. Walipita migomba, mzee mbele, akichechemea kidogo kwa ule mguu. Walipofika barabarani, gari likiwa linasubiri, alimkabidhi mkoba wake, akamshika mkono kwa mikono miwili, na kumshukuru kwa kuja kuwasalimia.